Kabla Hujatia Sahihi Kumuuza Malkia

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili mchana, tarehe 12, mwezi wa nane.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza ule ukaidi uliotueleza kwenye simu. Je, baridi ya huko bado inakutoa machozi ukitoka asubuhi? Na yule mwenzako wa kazini anayekula chakula chako kwenye friji kisha anaapa si yeye, mmeshamnasa?

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Bibi ana macho yake yaleyale, yanayoona anachotaka kuona. Mama amepona kifua. Mdogo wangu ameota meno ya mbele na sasa anatafuna penseli za watu. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula na sikufanya vibaya, ila hesabu za maumbo bado tunatazamana kama majirani waliogombania mpaka. Vitabu ulivyonitumia nimevisoma vyote, na kile chembamba nimekirudia. Asante sana, Shangazi.

Hizo ndizo salamu, na nimeziandika kwa moyo mweupe. Kuanzia hapa moyo si mweupe. Nina hasira, Shangazi. Karatasi ya kwanza niliichana kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa.

Unanijua. Jina hili la Kimya mlinibandika wenyewe. Mtu mzima akisema jambo mbele yangu, ulimi wangu unalala. Maneno yananijia baadaye, nikiwa naosha vyombo, yakiwa mazuri na yamejipanga, na hakuna wa kuyasikia isipokuwa sufuria. Leo nimeyaleta kwako kabla sijayamwaga na maji ya vyombo.

Habari yenyewe ni gari lako.

Baba alikuambia kwenye simu kwamba Malkia "amekwaruzwa kidogo." Nilikuwa nimekaa karibu na simu, nikasikia. Shangazi, paka hukwaruza. Malkia hakukwaruzwa na paka.

Baba Mdogo alilichukua gari "kulipasha moto betri isife." Unamjua Injinia wetu, aliyeitwa hivyo tangu alipotengeneza redio ya Bibi ikawa inashika stesheni moja tu. Alikwenda kupasha moto betri kwenye uwanja wa mpira. Wakati wa kurudi alikuwa amejaza rafiki zake, madirisha wazi, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili unaeleza goli lilivyoingia. Kwenye kona ya kiwanda, Malkia akaacha barabara, akatumbukia kwenye mtaro wa zege na kulala kifua juu ya ukingo. Sisi tulikuwa nyumbani, na tulisikia kishindo tukadhani rundo la matofali limeporomoka. Wafanyakazi wa kiwanda ndio waliolinyanyua.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu bila hila. Lakini Baba Mdogo alirudi nyumbani kwa miguu akiulaumu mtaro! "Mtaro wenyewe hauna hata alama," alisema, kana kwamba mtaro ndio uliokuwa unavuka barabara bila kuangalia.

Kesho yake Mama alinituma kumpelekea Baba chai gereji. Malkia alikuwa amenyanyuliwa juu, nikaona chini yake. Sikuwahi kumwona kwa chini, nikaona haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba bila kubisha. Ile chesisi, yaani uti wa mgongo wa chuma uliobeba gari zima, ilikuwa imepinda upande wa kushoto, na mahali pamoja imepasuka. Kidole changu cha mwisho kingeingia kwenye ule ufa. Fundi akapachomelea. Alipomaliza alivua miwani ya kuchomelea akamwambia Baba, "Mimi nimeunga, mzee wangu, lakini kuunga si kuumba. Ukilipakia watu kwenye barabara ya mashimo, patafunguka tena. Na pakifunguka, gurudumu linakwenda kwake na wewe unakwenda kwako."

Baba akauliza, "Sasa gari kama hili nitaliuzaje?"

Fundi akacheka hadi tumbo likatikisika. "Si unapaka puti, unapuliza rangi? Kwani wewe umeona wapi bibi harusi akatoka bila poda?"

Gereji nzima ikacheka. Baba naye akacheka. Mimi niliweka chupa ya chai chini nikaondoka, na hakuna aliyegundua kwamba nilikuwepo.

Sasa ungemwona Malkia usingemtambua. Anang'aa bluu kuliko siku uliyomnunua. Ila usukani unavuta kushoto, na akipita kwenye tuta kuna sauti inatoka chini kama mtu anayesaga meno usingizini.

Nisonge mbele. Kulikuwa na kikao cha familia kuamua auzwe vipi. Kilifanyika sebuleni, na kabla hatujaanza Bibi alivuta pazia la dirisha linalotazama uani, ili Malkia asisikie. Sikutanii. Baba mwenyewe, aliyekuwa amekuja na nia ya kumuuza, alishusha sauti.

Ni kanuni yako hiyo, Shangazi. Uliiweka wewe, na imetuingia kwenye damu: Malkia hasemwi vibaya na mtu aliyemkalia. Mwenye lawama ashuke, afunge mlango, aseme akiwa amesimama, halafu aombe radhi ndipo apande tena. Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka ile siku ya mvua tulipopata pancha kwenye mlima. Ulitushusha wote. Tukasimama kando ya barabara, Bibi na mwavuli wake, Mama amenibeba mgongoni, tukamlaumu Malkia kwa zamu. Hata Mkunga alikuwepo, maana ulikuwa unampeleka kwa mama fulani aliyeshikwa na uchungu. Alishuka na mkoba wake mweusi, akasema tairi lina upara kuliko marehemu mume wake. Tukarudi ndani tumelowa chapachapa, tunacheka mpaka vioo vikafunga ukungu. Nadhani sijawahi kucheka hivyo tena.

Basi kwenye kikao Mama alitaka Malkia auzwe kwa vipande. Injini ni nzima, milango ni mizima, viti vizima, na yule mwenye duka la spea alishasema atachukua. Baba akasema kwa vipande hatupati kitu cha maana. Baba Mdogo akasema mnunuzi ana macho yake, asiyeona shauri yake. Bibi, ambaye hataki auzwe kabisa kwa sababu jioni hupenda kukaa kwenye kiti cha mbele na kusikiliza ile stesheni moja ya redio yake, alisema: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na nyie mnataka kumtembeza akiwa na poda."

Hapo Baba akatamka neno lililofunga mjadala. "Kimya anaingia shule ya bweni mwakani. Mwenye njia nyingine aseme."

Wote wakanigeukia. Shangazi, hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Unajua ninavyoitaka shule ile. Nilikuandikia kuhusu maktaba yake, yenye ngazi ya kupandia vitabu vya juu. Nimeiota mara nyingi. Lakini sikumwomba mtu yeyote anipeleke kwa gari lililopasuka. Fundi alipaka puti juu ya ufa, na Baba akaja kupaka jina langu juu ya puti. Tangu siku ile, mtu akiuliza swali lolote kuhusu gari anajibiwa, "Ni kwa ajili ya mtoto." Mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Halafu wakakupigia simu. Naomba univumilie hapa, maana hasira hii nyingine ni yako. Ulisema, "Uzeni mnavyoona, nileteeni karatasi nitie sahihi." Kisha ukauliza kama mvua zimeanza. Niliisogelea simu nikisubiri uulize swali moja tu kuhusu gari ambalo kadi yake ina jina lako, gari ulilokuwa ukiliaga kila jioni kwa kulipigapiga boneti kama shingo ya farasi. Hukuuliza. Mnavyoona! Shangazi, katika nyumba hii tunaona mambo mengi tofauti, ndiyo maana tulivuta pazia.

Baada ya hapo nikatakiwa kuandika tangazo. "Wewe ndiye mwenye Kiswahili," Baba alisema, "andika kitu cha kumvuta mtu." Nikaenda chumbani nikaandika kama tunavyofundishwa, kwa ufupi na ukweli:

"Linauzwa gari la bluu, kubwa kwa umri kuliko mwandishi wa tangazo hili. Injini nzuri. Viti vizuri. Liliwahi kutumbukia mtaroni, chesisi ikapasuka na kuungwa. Linavuta kushoto. Lisipakie watu. Linafaa kwa spea."

Baba alisoma akiwa amesimama. "Hili ni tangazo la mauzo au la msiba?"

Baba Mdogo akachungulia juu ya bega lake. "Amesahau kuandika saa ya mazishi."

Wakanitajia maneno yao, nikayaandika: gari safi, limetunzwa na mwanamke, halijawahi kupata ajali. Huyo mwanamke ni wewe. Mwandiko ni wangu. Tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa duka la mkate, na kila nilipopita pale nilitazama upande wa pili wa barabara.

Na unajua nani alikuja? Mkunga.

Alikuja jana asubuhi, na mkoba wake uleule mweusi, sasa umefungwa kwa kamba. Amepewa kazi ya kuzungukia zahanati za mbali, zile za barabara ya makorongo, na amechoka kuomba lifti kwenye malori ya mchanga. Aliponiona uani alinikumbatia hadi miwani yangu ikapinda. "Nilipita kununua mkate nikauona mwandiko wako," aliniambia. "Nikasema, hee, si gari la shangazi yake Kimya! Nikatafute la nani tena? Hapa ni nyumbani."

Nilimtazama Baba. Kwa kitambo kidogo nilidhani atasema. Baba si mtu mbaya, Shangazi, nawe unalijua hilo kuliko mimi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya angenichosha mara moja nikaachana naye.

Baba Mdogo akamtangulia. "Mama, umefika penyewe. Gari liko kama yai."

"Zima au la kupasuka?" Mkunga akatania.

Baba na Baba Mdogo walicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Mkunga akataka kulijaribu. Baba akaniambia kwa sauti ya chini, "Panda na wewe. Akikuona ataona ni mambo ya familia." Nikapanda nyuma na Baba Mdogo. Baba alikaa mbele, na Mkunga akashika usukani akausogeza mgongo mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo. Tukatoka getini.

"Mbona linapenda kushoto?" aliuliza tulipofika barabara kubwa.

"Linamtafuta mwenyewe," Baba Mdogo akajibu. "Si yuko upande huo!"

Mkunga akacheka. Alikusifu, Shangazi. Alisema ulikuwa unamfuata usiku wowote bila kunung'unika, na kwamba mimi mwenyewe nusura nizaliwe kwenye kiti nilichokalia. Alikuwa anazungumza hivyo tulipopanda tuta la mbele ya kiwanda, na chini yetu kile chuma kikasaga meno.

Akapunguza mwendo, akaegesha kando ya malundo ya matofali, injini inanguruma. "Niambieni kweli, wanangu," alisema. "Humu nitapakia mama mwenye uchungu, na pengine mtoto wake tumboni amekaa vibaya. Mficha uchi hazai, na kama kuna mtu wa kuwaambieni hilo ni mimi. Lina kilema gani?"

Baba alitazama mbele. "Halina, Mama. Ni uzee tu."

"Injinia?"

"Uzee tu, Mama. Hata mimi magoti yangu yanalia."

Akainua macho kwenye kioo cha ndani, akaniona. "Na wewe, Kimya?"

Safari hii maneno yalikuja mapema. Yalikuja yote, yakasimama nyuma ya meno. Mbele yangu kulikuwa na kisogo cha Baba, amenyoa vizuri kwa ajili ya mnunuzi. Sijawahi kumpinga Baba mbele ya mtu. Sijawahi kumpinga hata mbele ya sufuria. Nilijaribu kufungua mdomo, na nilichofungua ni mlango.

Nikashuka. Nikaufunga, si kwa kishindo, nikasimama kando ya matofali mikono nyuma kama tuko mstarini shuleni.

Niliwaona kupitia kioo, Baba ameinamisha kichwa, Baba Mdogo amekunja uso ananifanyia ishara nirudi. Halafu injini ikazimika. Mkunga akashuka polepole, akafunga mlango wake, akazunguka mbele ya boneti na kuja kusimama nami bega kwa bega. Hakuwa amesahau.

"Haya, mwanangu," alisema. "Tumeshuka. Sema."

"Chesisi imepasuka," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya panya, lakini ilitoka.

Mkunga akashika magoti, akainama kuchungulia chini, ingawa huko hakuna kinachoonekana sasa isipokuwa rangi nyeusi mpya na tope. Akainuka, akawatazama wale wawili. "Nyie hamshuki?"

Hawakushuka. Baba Mdogo alikuwa ameshika simu sikioni, na mimi najua simu ile haikuwa na chaji tangu asubuhi.

Mkunga hakufoka. Laiti angefoka. Alinipa ufunguo mkononi, mimi, si Baba, akachukua mkoba wake. "Nilikupokea ukiwa kimya," aliniambia, "hukulia mpaka nilipokuchapa makofi ya mgongoni. Nilidhani umeshanisamehe. Kumbe ulikuwa unanitunzia asante." Akanipapasa shavu, akaenda zake kwa miguu akifuata kivuli cha ukuta wa kiwanda.

Tangu hapo Baba hasemi na mimi. Anasema na mimi kupitia kwa Mama, nikiwa nimekaa palepale: "Mwambie mwanao anipitishie chumvi." Baba Mdogo ameniita Hakimu siku nzima. "Hakimu, naomba ruhusa nipite." "Hakimu, chai hii imekiri kosa, tuinywe?" Mdogo wangu anacheka. Mimi sicheki. Mama naye, nilikuta ameninyooshea ile miwani iliyopinda.

Ungedhani yaliishia hapo. Hayakuishia! Jana hiyohiyo jioni Baba Mdogo alikuja na dalali, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni utadhani anamiliki mji. Amepata mnunuzi wa mbali sana, asiyetujua, anayetaka gari la kubebea abiria kutoka sokoni hadi vijijini. Abiria, Shangazi. Watu na magunia yao na watoto wao mapajani. Na huyo hajui kanuni yetu. Mimi nikishuka na kusimama kando ya barabara, atadhani nakwenda kujisaidia.

Dalali ameleta karatasi ya mauzo, na kesho inatumwa kwako. Nimeisoma ikiwa mezani, wala haikufichwa. Inasema: "Mimi mwenye gari nathibitisha kwamba gari hili halijawahi kupata ajali." Chini yake kuna jina lako kamili na nafasi ya sahihi. Si jina la Baba, si la Baba Mdogo, si la fundi wa poda. Wao wote wamekaa raha mstarehe ndani ya gari, na wewe ndiye utakayesimama nje na kuapa.

Bibi ananiambia hasira hasara. Labda. Lakini nimekaa kimya miaka yote sikuona faida niliyopata.

Nimeifikiria sana kanuni yako. Ilikuwa kanuni ya kushuka, si ya kunyamaza. Ulitufundisha kwamba ukimpenda Malkia unaweza kumwambia ubaya wake, mradi utoke kwenye kiti chake kwanza, ulowe kidogo. Hawa wamechukua nusu ya kwanza, ile ya kutomsema, wakaitupa ile ya kushuka. Na wewe, nisamehe kwa ninachoandika, umekwenda mbali sana kiasi kwamba hukumbuki uko ndani au uko nje.

Ombi langu ni hili. Karatasi ikifika, usitie sahihi. Mpigie Baba mwenyewe, umwambie Malkia auzwe kwa vipande kwa yule wa spea, au auzwe mzima kwa mtu aliyeambiwa kila kitu. Wewe ukisema atasikia, wewe ni dada yake mkubwa na ulimfundisha kuendesha. Mimi nikisema ni mtoto amekosa adabu. Kama kwa njia hiyo shule ya bweni haipatikani, nitasoma hii ya hapa ya kwenda na kurudi. Maktaba yao ni kabati moja, na funguo anazo mwalimu ambaye haonekani, lakini nitamzoea. Nimeandika sentensi hiyo na nimelia kidogo, nisikudanganye. Bado naiacha hapo.

Bibi ameomba jambo moja: Malkia akivunjwa, kile kiti cha mbele kibaki, kiwekwe barazani. Anasema akikikalia hatamsema mtu.

Barua hii naiandikia juu ya boneti, nimesimama. Kuna joto, na rangi mpya inanuka. Ndani kuna kivuli na viti, lakini kwa haya niliyokuwa nayo ya kusema isingekuwa halali kukaa. Leo asubuhi nilipita kwa Mkunga, na amesema kesho ataipeleka posta mwenyewe. Anasema anwani yako anaijua kwa moyo.

Mama anakusalimu sana. Bibi anakusalimu na anauliza kama unakula. Mdogo wangu anakusalimu na anaomba penseli, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mkunga anasema goti hilo ulifunge kitambaa cha joto wala usilisikilize. Baba hajui kwamba nakuandikia, lakini ni mdogo wako, kwa hiyo msalimu wewe ukimpigia. Mungu akulinde barabarani, akupe gari zima na dereva mwenye kusema kweli.

Wako akupendaye, hata siku ya hasira,

Kimya.

N.B. Nilikuwa naikunja barua Baba akatoka nyumbani. Sikuificha. Aliiona, hakuuliza. Akaingia kwenye gari, akakaa kwenye usukani kitambo kirefu, mikono mapajani, hakuwasha. Mimi nikabaki nimesimama upande wa boneti kama mtu anayesubiri basi. Halafu akafungua mlango. Akashuka. Akaufunga kwa mikono miwili, taratibu, akaja kusimama nilipo. Akasema, bila kunitazama, "Imepasuka vibaya, eh?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Tukasimama. Hakusema karatasi haitatumwa, kwa hiyo ombi langu liko palepale, na hasira yangu pia ipo. Lakini nimeona si haki nikueleze siku aliyobaki ndani nisikuambie kwamba leo ameshuka.